Bi Ila na Vipindi Viwili vya Alhamisi

Tarehe 30 Juni 1985 Mwalimu Mwanajuma Mabruki anastaafu, baada ya kuitumikia Shule ya Sekondari ya Njia ya Ujiji kwa miaka ishirini na mitatu na nusu. Aliingia hapa Januari 1962, bendera ya Uhuru ikiwa bado inanukia upya, na hakuhama tena. Wakuu wa shule wamekuja na kuondoka, madawati yameoza na kubadilishwa, sisi wengine tumeota vipara. Yeye kila asubuhi yuko langoni, kanga begani, akiwatazama wachelewaji kwa macho ambayo wao wenyewe huyaita ya mahakamani.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Elieza Ngollo, mwalimu wa Kilimo. Kamati ya hafla ilinichagua kwa utani, wala hawakujificha. Kila mtu hapa anajua kwamba mimi na Bi Mwanajuma tumegombania vipindi viwili vya Alhamisi mchana tangu nilipofika mwaka 1969. Mimi nawataka wanafunzi shambani. Yeye anawataka kwenye somo lake la Misingi ya Sanaa za Habari: picha, sauti, gazeti la ukutani, na namna ya kusimulia jambo lilivyotokea bila kulitia chumvi. Somo hilo halina mtihani wa taifa, kwa hiyo likifutwa hakuna mzazi atakayekuja kulalamika. Sasa mwenye somo anaondoka, na swali la nani atapata Alhamisi limerudi mezani. Nitalijibu kabla sijamaliza, lakini kwanza mjue ni mtu wa namna gani tunayemuaga.

Bi Mwanajuma ni mzaliwa wa Tabora mjini, binti wa Mzee Mabruki, seremala wa milango. Babu yake mzaa mama alikuwa mpagazi wa misafara ya Ujiji. Humsikii akimsifu babu huyo kwa nguvu za shingo. Husema kwamba mpagazi alibeba mzigo kichwani na habari mdomoni, na akikosea kusema kisima gani kimekauka, msafara wa nyuma yake unalala na kiu. Nadhani somo zima limetoka hapo, ingawa yeye mwenyewe husema limetoka kwenye gari la sinema lililokuwa likija mjini zamani, ambapo wenzake walitazama ukutani naye akageuka kutazama mashine.

Alianza kwetu kama mwalimu wa Kiswahili. Ilipokuja Elimu ya Kujitegemea, kila mwalimu aliulizwa atawafundisha vijana kazi gani. Wengine wakasema kuku, wengine useremala. Bi Mwanajuma akasema habari. Mkuu wa shule wa wakati ule, Mwalimu Dionis, masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka. Akasikia hariri, akaanza kumuuliza wadudu wake atawaweka wapi na watakula majani gani. Bi Mwanajuma alimsahihisha kwa adabu, akaongeza kwamba kuhariri pia kutakuwamo. Mwaka 1968 akapewa Alhamisi mchana, kamera moja ya boksi, na rekoda ya kanda kubwa iliyoachwa na mwalimu mgeni aliyerudi kwao.

Kipindi cha kwanza kabisa kinasimuliwa hadi leo. Aliwatuma vijana wa kidato cha tatu sokoni na stesheni, kila mmoja aulize habari na kuziandika. Wakarudi wamejaa bashasha. Akasoma karatasi ya kwanza: habari za sokoni ni nzuri. Ya pili: habari za stesheni ni nzuri. Ya tatu, ya nne, mpaka ya mwisho, nzuri, nzuri, nzuri. Kijana mmoja wa Nzega, ambaye alidhani amewazidi wenzake akili, alikuwa amemuuliza bibi mmoja wa karanga kwa Kinyamwezi, akaandika kwamba habari ni "mhola." Lo! Darasa likacheka, maana mhola ni ile ile nzuri, imepita Nzega tu.

Mwalimu mwingine angewapa sifuri. Yeye aliwarudisha sokoni siku ile ile, na amri moja: wasiondoke wakishaambiwa nzuri. Wakae. Wasaidie kumenya karanga, waulize za nyumbani, za watoto, za shamba, wangoje mpaka mtu mwenyewe aseme "ila." Sisi watu wa huku ndivyo tulivyo. Mtu amefiwa, nyumba imeezuliwa na upepo, ukimuuliza habari atakujibu nzuri kwanza, kwa sababu hiyo ni salamu na salamu ni heshima. Habari yenyewe inakuja baadaye, ukiwa na subira: nzuri, ila jana tumezika, nzuri, ila treni ya Mpanda haijafika. Vijana wakarudi jioni na kurasa zimejaa. Tangu siku hiyo wakamwita Bi Ila, naye akajifanya hajui, mpaka alipowasikia wajukuu zake wakimwita hivyo hivyo.

Chumba cha kusafishia picha kilikuwa stoo ya majembe, yaani stoo yangu. Mumewe, Mzee Shaban, fundi cherehani wa mjini, alishona mapazia mawili ya kaniki ili mwanga usipenye. Mtunza stoo wetu, Mzee Jilala, hakuwa ameambiwa. Siku moja akasikia watu wananong'ona mle ndani gizani, akajua wezi wa majembe wamepatikana. Akasukuma mlango kwa bega, rungu mkononi, na jua lote la Tabora likaingia naye. Filamu nzima ya mahafali ikaungua. Watu walitegemea Bi Mwanajuma atamlipukia. Aliketi juu ya gunia la mbolea akacheka mpaka akapaliwa, kisha akamfanya Mzee Jilala kuwa mlinzi rasmi wa giza. Mzee yule aliifanya kazi hiyo kwa ukali mno. Hata mimi nilikuwa nangoja nje na wanafunzi wangu, jembe begani, kama mgonjwa wa zahanati.

Sasa nije kwenye mwaka 1975, maana huwezi kumwandika mama huyu ukauruka.

Wiki chache kabla ya Saba Saba shule iliombwa itengeneze picha za kijiji cha ujamaa cha Tupendane, kwenye barabara ya kwenda Urambo, zitundikwe kwenye banda la maonyesho mjini. Msimamizi wa banda alikuwa Ndugu Eustace, afisa kijana, mchapakazi, kaunda suti imepigwa pasi hadi mifukoni. Alitaka picha za mabani ya kukaushia tumbaku, za zahanati, za darasa la watu wazima na za bomba jipya la kupampu maji kwa mkono. Maneno ya kuwekwa chini ya kila picha alikuwa ameshayaandika yeye mwenyewe. Kilichobaki kilikuwa picha tu.

Nilikwenda na Bi Mwanajuma na darasa lake, kwa ajili ya mabani. Tulipokelewa vizuri sana, tukala, tukaambiwa kila kitu ni kizuri, na kwa kweli mengi yalikuwa mazuri. Mabani yale yalijengwa kwa ustadi na zahanati ilikuwa inang'aa. Lakini msichana mmoja wa kidato cha tatu, Getruda Masolwa, binti wa wakulima wa Igunga, alikwenda kuketi na mama mmoja wa kijiji aliyeitwa Bi Tatu. Akamenya naye karanga. Bi Tatu akasifu zahanati, akasifu darasa, akasifu mvua, kisha akashusha pumzi akasema ila bomba limekufa tangu masika, wanateka kule kwenye kisima cha wapagazi. Kisima hicho ni cha enzi za misafara, na kwenda na kurudi ni kazi ya asubuhi nzima. Getruda akaenda kuliona bomba. Mtu alikuwa amelifanya kigingi cha kufungia mbuzi. Akapiga picha: mbuzi anatafuna, kamba yake imefungwa kwenye bomba, na nyuma akina mama wanapita na ndoo vichwani, hawalitazami hata kidogo.

Chini ya picha hiyo, kwa mpango wa Ndugu Eustace, palipaswa kuandikwa "Maji safi kwa kila mwanakijiji." Bi Mwanajuma alisema maneno yale na picha ile haviwezi kukaa ukuta mmoja. Akaliachia darasa litafute maneno mengine. Kijana mmoja akapendekeza "Aibu." Akakata. Mwingine akapendekeza "Wazembe." Akakata hilo pia, kwa nguvu zaidi, akawaambia hatukupiga picha ya uzembe, tumepiga picha ya bomba. Mwishowe wakaandika: "Bomba la Tupendane. Fimbo ya ndani imekatika tangu masika. Linatengenezeka."

Ndugu Eustace alipoiona alipandwa na hasira. Alisema picha hiyo itawavunja moyo wananchi, na kwamba somo linalozaa mambo ya namna hii litaondolewa kwenye ratiba na mwalimu wake atatafutiwa kituo cha mbali. Mwalimu Dionis, mtu wa amani, alijaribu suluhu: mbuzi abaki, bomba likatwe pichani. Bi Mwanajuma akamuuliza, kwa upole kabisa, watazamaji wataambiwa mbuzi amefungwa kwenye nini. Akaondoka na picha yake chini ya kwapa, na Saba Saba asubuhi akaitundika kwa mkono wake, akasimama kando yake kutwa nzima. Hakwenda kula. Aliyekuja kuiondoa angelazimika kwanza kumwondoa yeye, na hakuna aliyejitolea.

Akina mama wa Tupendane walikuja, Bi Tatu mbele. Walicheka mpaka wakashikana mabega, maana mwenye mbuzi walimjua. Baada ya kicheko wakaitazama tena. Wakaanza kuwaeleza wapita njia wenyewe, sauti juu, bila kungoja kuulizwa. Kabla Julai haijaisha, fundi alifika kijijini na fimbo mpya.

Na Agosti somo likafutwa. Hakuna aliyetaja mbuzi. Ilisemwa tu kwamba nguvu zote zielekezwe shambani. Kamera na rekoda vikafungiwa kabatini ofisini. Uhamisho haukuja, nadhani kwa sababu wasichana wa bweni wangelia shule nzima, lakini Alhamisi ikawa yangu. Niliipokea kwa mikono miwili, sisemi uongo. Muhogo ulikuwa na magugu hadi kiunoni.

Siku tangazo liliposomwa, Bi Mwanajuma alilia. Alilia pale pale chumba cha walimu, mbele yetu sote, bila kujificha uso, na sisi tukawa tunatazama vikombe vyetu. Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga, akanigeukia, akaniuliza shambani tunaanza saa ngapi.

Jamani, nilidhani ni maneno ya uchungu. Alhamisi nikamkuta kwenye matuta na jembe la Mzee Jilala. Alilima, tena vizuri, na huku analima anafundisha. Alikata maboksi akatoa fremu za kadibodi, kila mwanafunzi akatembea na yake shingoni; wakipumzika wanaziinua, wanachagua nini kiingie ndani ya fremu na nini kibaki nje, na kwa nini. Aliwafumbisha macho, wasikilize shamba, waseme sauti gani iko karibu na gani iko mbali. Mtu akikanyagwa mguu kwenye tuta la tatu, anawataka watatu walioona wasimulie, kila mmoja peke yake, kisha wanalinganisha nani kaongeza na nani kaficha. Gazeti la ukutani liliandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa nyuma wa jiko. Karibu miaka mitatu hivyo! Kamera haikuwapo, rekoda haikuwapo, na kwenye ratiba palikuwa na neno Kilimo tu. Nilipomwambia anaiba saa zangu alinijibu kwamba muhogo wangu haujawahi kuwa safi namna ile, na huo ulikuwa ukweli.

Mwaka 1978 kipindupindu kilipotishia mkoa, palitakiwa picha na sauti za kuwafundisha watu kuchemsha maji, zipelekwe vijijini na kwenye vituo vya kununulia tumbaku, hadi Kaliua. Aliyekabidhiwa kazi hiyo? Ndugu Eustace, sasa ameanza mvi. Alizunguka kote akitafuta vijana wanaojua kazi, akaambiwa wapo shule moja tu, wanapalilia muhogo. Akaja. Akamkuta Bi Mwanajuma barazani, akamwamkia shikamoo, akauliza habari za siku nyingi. Akajibiwa marahaba, na kwamba habari ni nzuri. Basi. Yule bwana akakohoa, akageuza kofia mkononi, akangoja, mpaka mwisho akauliza mwenyewe, ila? Ndipo akaambiwa: ila kamera imo kabatini na somo halimo kwenye ratiba.

Kabati lilifunguliwa kabla ya kengele ya mchana. Vijana wale walifanya kazi kama watu waliokuwa na njaa. Walimrekodi bibi mmoja wa Isikizya akieleza kwa Kinyamwezi jinsi ya kuchemsha na kufunika maji, akifoka katikati na kumfukuza kuku, na Bi Mwanajuma akakataa kumkata kuku yule kwenye kanda. Alisema watu wakimsikia kuku watajua huyu ni mtu wa kwao. Muhula uliofuata somo likarudi Alhamisi, na mimi nikapokonywa vipindi vyangu. Nililalamika wakati ule. Nimeendelea kulalamika kila mwaka, na Ndugu Eustace, ambaye leo ni mgeni wetu mezani, ni shahidi.

Matunda mnayajua. Kuna sauti mbili redioni zilizoanzia kwenye stoo ya majembe, na wapiga picha ambao magazeti yanawaamini. Lakini ukimuuliza yeye atakutajia kwanza muuguzi mmoja wa Urambo aliyemwandikia kwamba wagonjwa wake humwambia hawajambo, naye hangoki kando ya kitanda mpaka waifikie ila yao. Kasoro zake pia mnazijua: chai yake hainyweki, na hawezi kuona tangazo ubaoni bila kutoa kalamu nyekundu. Kadi ya mwaliko wa hafla hii ameisahihisha na kuirudisha kwa kamati, mara mbili.

Sasa Alhamisi. Mwezi wa nne kamati ya ratiba ilikaa. Mwenye somo anastaafu, mtihani hakuna, na mimi nikaviomba vipindi vile hadharani kwa ajili ya bustani mpya. Getruda Masolwa, yule yule wa mbuzi, ambaye siku hizi ni mwalimu mwenzetu wa Kiswahili, alisema yuko tayari kulifundisha somo iwapo tu litabakiziwa saa. Kamati ikaahirisha. Wakati huo huo kamati ya hafla ikamuuliza Bi Mwanajuma achague zawadi: redio, godoro, au cherehani mpya ya Mzee Shaban. Alisimama akasema hataki hata kimoja. Anataka vipindi viwili vya Alhamisi vibaki kwa Getruda, na kama somo linafutwa, pilau tusipike, hatakuja. Wengine walicheka. Mimi namjua, angekaa nyumbani kwake kweli, na sufuria zetu zingebaki zinatutazama.

Jumanne iliyofuata alinifuata bustanini. Nikajiandaa kwa vita, hoja zangu zote mdomoni. Hakuitaja Alhamisi. Alisema wamepata shamba Isikizya yeye na mumewe, na anataka nimfundishe mahindi: nafasi ya mashimo, mbolea, lini kupunguza miche. Mwalimu aliyebakiza wiki kadhaa astaafu akakaa juu ya ndoo, akanisikiliza mchana kutwa. Nilipodhani nimemaliza, yeye aliuliza tena, akanifuata mpaka kwenye mambo ambayo sijawahi kuulizwa na mwanafunzi yeyote kwa miaka kumi na sita. Akachimba mashimo ya kujaribia, nikamkosoa, akafukia akachimba upya. Aliponiaga akashukuru, akabeba mbegu zake, akaenda.

Nilibaki nimesimama pale. Nilimpenda sana mama yule saa ile, na nikaona nitakuwa mtu wa ajabu nikimnyima.

Kwa hiyo naandika hapa, kwenye programu ambayo kila mgeni ameishika, ili nisiweze kugeuka kesho: mwalimu wa Kilimo ameliondoa ombi lake. Mkuu wa shule ameshatia saini ratiba mpya. Bi Mwanajuma, ulikataa kupewa zawadi, basi chukua hii uliyoitaka, na pilau uje ule.

Tunakushukuru kwa kila kijana uliyemfundisha kungoja na kutazama. Mungu akupe wewe na Mzee Shaban afya, mvua za wakati na majirani wema huko Isikizya. Alhamisi ya kwanza baada ya likizo, saa nane mchana, Mwalimu Getruda ataingia darasani na wanafunzi wake. Majembe yatangoja Ijumaa.